"Once-over": jicho linalopita mara moja, lakini kote

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri barua fupi ya kampuni moja yenye ghala nje kidogo ya Dar es Salaam. Meneja wao, Mwingereza, aliandika kwamba siku ya Ijumaa fundi aliipa jenereta "a quick once-over" na hakuona tatizo. Mimi nikaandika: "Ijumaa fundi alifanya ukaguzi wa haraka wa jenereta na hakuona tatizo." Sentensi ilikuwa imenyooka, nikaituma, nikaendelea na kazi nyingine.

Siku chache baadaye jenereta ikazima usiku umeme ukiwa umekatika, na mzigo uliokuwa kwenye chumba cha baridi ukaharibika. Fundi akaitwa. Wakamtaka atoe fomu ya ukaguzi, yenye tarehe, vipimo na sahihi. Hakuwa nayo, wala hakuwahi kusema anayo. Alichofanya Ijumaa ile ni kuizunguka jenereta, kuinama atazame kama kuna mafuta yanavuja, kuchomoa kijiti cha oili na kukifuta kwa tambara, kuibonyeza feni belti kwa kidole aone imelegea kiasi gani, kisha kuiwasha na kuisikiliza dakika mbili tatu. Basi. Ndicho alichokiandika meneja, na ndicho ambacho Mwingereza yeyote angekielewa. Neno "ukaguzi" nililitia mimi, na kwa siku mbili mzee wa watu alionekana mwongo kwa sababu yake. Niliandika barua ya kusahihisha ikapokewa, lakini tangu hapo msemo huu siupiti tena bila kusimama.

Tuanze na umbo lake. "Once" ni mara moja. "Over" hapa ni kupita juu ya kitu kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mkono unavyopita juu ya shuka kuinyoosha. Yakiunganishwa kwa kistari yanakuwa nomino: mpito mmoja juu ya kitu kizima. Ni msemo wa Kimarekani, ulishika kasi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukavuka bahari, na leo Waingereza wanautumia kama wa kwao.

Msemo huu hauna kitenzi chake wenyewe. Unabebwa na "give": unakipa kitu once-over, au kitu kinapata once-over kutoka kwako. Hiyo "give" haigawi chochote. Inafanya kazi ileile ambayo "piga" inatufanyia sisi tunaposema kupiga pasi, kupiga deki, kupiga simu, ambako hakuna anayepigwa. Kwa hiyo anayetaka kuufasiri kwa "kupa" anajitafutia shida bure. Aangalie nomino, ndimo maana ilimo.

Na ndani ya nomino hiyo watu wengi wanaojifunza Kiingereza hulishika "once" wakaliacha "over". Wanasikia haraka tu, wanasikia jambo la kupapasa na kuondoka. Mahali ninapopenda kuwaonyesha upande wa pili ni kwenye kiti cha kinyozi. Vitabu vya kufundishia vinyozi Marekani vina kitu kinachoitwa "once-over shave". Kwa kawaida mteja anapakwa povu, wembe unapita kwa kufuata uelekeo wa ndevu, anapakwa tena, wembe unarudi kumalizia. Katika once-over povu linapakwa mara moja tu, na wembe unapita mara moja, ukikata kwa kukingama na uelekeo wa ndevu ili kazi ya mizunguko miwili ifanywe na mmoja. Sasa ufuate wembe wenyewe. Unaanzia chini ya sikio, unashuka shavuni, unazunguka kidevu, unapanda upande wa pili, unamaliza shingoni. Hakuna shavu lililorukwa. Mteja mwenye haraka anainuka kitini amenyolewa uso mzima. Alichokosa ni ule mzunguko wa pili, ambao ungevishika vinyweleo vilivyolala. Akipandisha kiganja kutoka shingoni kwenda juu atavisikia vikikwaruza.

Kwa hiyo kinachopunguzwa ni idadi ya mizunguko. Eneo linabaki lilelile. Anayeipa ripoti yako once-over ameifungua kurasa zote, ila hajasimama kwenye hata mmoja. Anayeipa gari once-over ameizunguka yote, ila hajafungua injini. Haraka na ukamilifu vimekaa katika neno moja, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapopata kazi, kwa sababu sisi tumevigawa: kila neno letu limeshika upande wake.

Chukua "kutupia macho" au "kutupia jicho". Haraka imo, tena imo vizuri. Lakini jicho lililotupwa linaweza kutua popote. Ukisema "nimelitupia macho gazeti la leo", huenda umeona kichwa cha habari kimoja na picha ya mpira. Hakuna anayekudai kurasa zote. Kifaransa nacho kinatupa jicho, "jeter un coup d'œil", na wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi au Bujumbura wanaochanganya lugha hizo mbili watauona udugu huo mara. Once-over haitupwi. Inapitishwa.

Chukua "juu juu". Hapa tatizo ni lawama. "Kaisoma juu juu" ni shutuma. Anayesemwa amezembea, na akisikia atajitetea. Ukisogea hatua moja zaidi unafika kwenye "kulipua", kazi iliyofanywa ili ionekane imefanywa. Kiingereza kina maneno yake ya lawama hiyo, "cursory" likiwa mojawapo, neno lenye asili ya Kilatini ya kukimbia. Hata once-over yenyewe ikitakiwa ilaumu, Wamarekani huiongezea "lightly": once over lightly, kupita mara moja tena kwa mkono mwepesi. Bila nyongeza hiyo msemo hauna doa. Fundi wangu wa jenereta hakulipua. Alifanya sawasawa kile kidogo alichoombwa afanye, na ningeandika kwamba aliiangalia jenereta juu juu, ningemwonea kwa namna nyingine.

"Kupitia" ndilo lililo karibu zaidi, nami nilikimbilia kwake kwa muda mrefu. Kitenzi hiki kina mwendo, kina mwanzo na mwisho: ukiipitia barua umeingia upande huu ukatokea upande ule. Ila limepanuka mno. Mtu akikuambia "naomba uipitie ripoti hii", ameomba nini? Dakika tano au siku tano? Nomino yake ndiyo inayotisha zaidi. Mahakamani kuna maombi ya mapitio, ambako uamuzi uliokwisha kutolewa unawekwa tena mezani. Kwenye tasnifu kuna sura ya mapitio ya kazi tangulizi, ambayo mwanafunzi huihangaikia kwa miezi. Neno linaloweza kubeba hakimu na profesa haliwezi kuachwa peke yake libebe mtazamo wa dakika tano.

Basi mtu anaongeza "mara moja", kwa kuwa "once" si ndiyo mara moja? Hapa nasihi sana watafsiri wenzangu. "Mara moja" yetu ina maana mbili zinazokaa mlango mmoja: safari moja tu, na sasa hivi. "Njoo mara moja" haimaanishi usije tena kesho. Ukiandika "tafadhali ipitie mara moja", msomaji wa ofisini atasikia amri ya kuharakisha: acha unachofanya, shika hii kwanza. Umeomba kazi nyepesi, yeye amepokea kazi ya dharura. Nimeiona barua pepe ya namna hiyo ikimkesha mtu mpaka usiku wa manane kwa jambo ambalo mwombaji alitaka litazamwe tu wakati wa chai.

Mtaani, kwa kweli, watu wameshatatua hili kwa "kucheki". "Nichekie gari kidogo, nasafiri kesho." Neno ni la mkopo, limezoeleka, na fundi anaelewa. Lakini anaelewa kwa sababu mnaonana uso kwa uso: anaiona haraka yako, anaiona tiketi ya mizigo mkononi, anajua utalipa bei ya soda na si bei ya kazi. Kwenye karatasi vyote hivyo vinapotea, na "kucheki" kunabaki kuanzia kutazama upepo wa tairi hadi kucheki afya hospitalini, damu ikachukuliwa na picha zikapigwa.

Na "kukagua", neno lililoniponza? Kukagua kuna mhuri. Tanzania tuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake ya kila mwaka husubiriwa nchi nzima. Tulikuwa na wakaguzi wa shule, ambao walimu wakongwe bado wanawakumbuka kwa jina hilo ingawa siku hizi wanaitwa wathibiti ubora. Mkaguzi anaacha karatasi nyuma yake, na karatasi hiyo inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Kuna mahali pamoja tu ninapojua ambapo kitenzi hiki kinalegea: gwaride. Kiongozi anapokagua gwaride siku ya sherehe za Uhuru, anatembea mbele ya mistari kwa hatua za taratibu, macho yakipita sura kwa sura, na hafungui kifungo cha askari hata mmoja. Anapita mbele ya wote, mara moja. Hiyo, kwa umbo, ni once-over kabisa, na inanifurahisha kila ninapoitazama. Lakini nje ya uwanja wa gwaride, kukagua ni kukagua.

Marubani wanaonyesha mpaka huu vizuri. Kabla ya safari rubani huizunguka ndege kwa miguu, akitazama mabawa, matairi, injini, matundu ya vipima mwendo kama hayajazibwa. Kwa macho ya abiria aliye dirishani, anaipa ndege once-over. Kwa kazi yake mwenyewe, hapana. Kiingereza cha marubani kinauita mzunguko huo "walk-around", na rubani anafuata utaratibu uliopangwa, kipengele baada ya kipengele. Once-over haina orodha. Jicho ndilo linaloongoza, likitegemea uzoefu wa mwenye jicho, na ndiyo maana msemo huu ni wa mazungumzo na barua za kawaida. Hauwekwi kwenye hati ambayo mtu atakuja kuitegemea mahakamani.

Nilichofikia mimi ni "kupitisha macho". Macho yanapitishwa juu ya kitu kama mkono, na ukiongeza "yote" au "kote" unaurudisha ukamilifu: "nimeipitishia macho ripoti yote". Kilichonithibitishia kwamba niko njia sahihi ni matumizi mengine ya msemo huu, yale ya nyumbani. Waingereza wanakipa chumba once-over kwa kitambaa cha vumbi au mashine ya kufyonza vumbi kabla wageni hawajabisha hodi. Sisi tunasemaje? Pitisha ufagio. Pitisha kitambaa mezani. Shati halijakunjika sana, lipitishie pasi tu. Mama akisema "lipitishie pasi" hamaanishi uipige kola peke yake na kuacha mgongo. Anamaanisha shati zima, pasi iende mara moja, usilinyunyizie maji na kuanza kunyoosha kila mshono. Picha ni ileile, na hatukuiazima kwa mtu.

Kuna maana moja ambayo "kupitisha macho" haiitoshi, nayo ni pale anayetazamwa ni mtu. Hapo Kiingereza hupenda "the" badala ya "a": mlinzi getini alimpa mgeni "the once-over". Maana yake ni mtazamo mmoja unaomchukua mtu mzima, nywele, nguo, viatu, mkoba, na kumpima. Kiswahili kina msemo wake mzuri sana kwa hili, na wasomaji wa hadithi zetu wanaujua: akampandisha na kumshusha. Au akamtazama kutoka utosini hadi unyayoni. Yule dada anashuka kwenye daladala kituoni, wanawake watatu waliokaa kwenye benchi wananyamaza, macho yanaanza kwenye kilemba, yanashuka polepole kwenye gauni, yanasimama kidogo viatuni, yanapanda tena. Ndipo mazungumzo yanaendelea, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesema neno, lakini hukumu imeshatolewa na yeye ameisikia.

Ila msemo wetu una sumu ambayo wa Kiingereza hauna kila mara. Kumpandisha na kumshusha mtu ni dharau, au shuku, au tamaa. The once-over inaweza kuwa na hayo yote matatu, na mwanamke anayelalamika kwa Kiingereza kwamba mwanamume fulani alimpa the once-over anamaanisha tamaa na ufidhuli. Lakini inaweza pia kuwa ya fundi cherehani anayekukadiria kabla hajashika futi, au ya daktari anayekutazama ukiingia mlangoni: unatembeaje, unapumuaje, macho yako yana rangi gani. Ukitafsiri kwamba daktari alimpandisha na kumshusha mgonjwa, umemfanya daktari mtovu wa adabu. Daktari alimwangalia haraka haraka, yatosha. Kwa hiyo kwenye maana hii uliza kwanza moyo wa anayetazama uko wapi, ndipo uchague maneno.

Jirani wa karibu kabisa wa msemo huu ndiye hatari kuliko wote. Anaitwa "going-over". Neno moja tu limebadilika, na maana imegeuka: kukipa kitu a going-over ni kukichambua kwa kina, na kumpa mtu a going-over kunaweza kuwa kumpiga. Mwanafunzi anayedhani misemo hii miwili ni ndugu atajikuta amemwambia polisi kwamba jirani yake alipigwa wakati alitazamwa tu. Kisha kuna "look over" na "overlook": la kwanza ni kukipitia kitu kwa macho, la pili ni kukipita bila kukiona. "Oversight" nalo ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. Hapo Kiswahili kinaweza kutusaidia kuelewa badala ya kutuchanganya, maana na sisi tuna kupitia na kupitiwa. Aliyepitia ameona, aliyepitiwa amechukuliwa na usingizi au usahaulifu.

Waingereza, kwa njia, wana mapenzi ya pekee na maneno ya kutazama haraka, na mengi wameyaokota safarini. "Dekko" walilibeba India, kutoka neno la Kihindi la kumwambia mtu atazame. "Shufti" askari wao walilipata kwa Waarabu, na msomaji wangu aliye Muscat au Dubai, anayesikia "shuf" kutwa nzima dukani, hahitaji tafsiri. "Gander" ni bata bukini dume anayenyoosha shingo. Hayo yote ni kuchungulia, kupiga jicho, kwenda kuona kuna nini. Hayana "over". Ukiingia jikoni ukachungulia sufuria, umepata shufti. Jiko halijapata once-over.

Nimalizie na pale msemo huu unapowasumbua wengi zaidi, yaani kwenye kuombana kazi. Anayeandika "could you give this a quick once-over?" mara nyingi anapunguza uzito wa ombi lake kwa adabu, kama sisi tunavyosema "naomba unisaidie kidogo" huku mzigo ukiwa wa watu wanne. Kidogo hicho kipimo chake hakijulikani mpaka kiulizwe. Nimejizoeza kuuliza kitu kimoja: unaogopa nini kwenye hati hii? Akijibu kwamba anaogopa majina ya watu yasije yakakosewa, najua nipitishe macho kwenye majina yote na niache mtindo wa sentensi. Akijibu kwamba hajui, basi anahitaji uhariri, na uhariri una bei yake na siku zake. Nikiirudisha kazi, naandika na nisichokifanya: nimepitisha macho kurasa zote 40, sikulinganisha na asili, sikuhakiki takwimu. Mstari huo mmoja umeniokoa na ugomvi mwingi kuliko kamusi zote nilizonazo.

Sentensi ya jenereta leo ningeiandika hivi: "Ijumaa fundi aliipitishia macho jenereta yote kwa haraka, bila kuifungua, na hakuona tatizo." Hayo maneno mawili, "bila kuifungua", hayakuwemo kwenye barua ya meneja. Kwa msomaji wa Kiingereza yalikuwemo tayari, ndani ya "once".